Msitu wa Boni na Barabara Zake: Ridhaa ya Wenyeji kutoka Kudha hadi Kiunga

Msitu unaoanzia nyuma ya mikoko ya Kudha na kushuka kusini hadi mkono wa bahari wa Dodori, huko Lamu, ni msitu mmoja, ijapokuwa leo una mataifa mawili na majina mengi. Upande wa Somalia umo katika wilaya ya Badhaadhe, Juba ya Chini. Upande wa Kenya hujulikana kama Msitu wa Boni. Baina yake na bahari wamekaa Wabajuni, katika visiwa vilivyopangana kuanzia kusini mwa Kismayu, Koyama, Chovai, Chula na Kudha, kisha Ras Kiamboni, na baada ya mpaka, Kiunga na vijiji vyake. Ndani yake wamekaa Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni: wawindaji na warina asali wenye lugha ya Kikushi iliyo jamaa ya Kisomali. Historia ya barabara za magari katika msitu huu haifiki mbali, lakini karibu kila iliyofunguliwa ilitanguliwa na dhana moja, kwamba msitu hauna mwenyewe.

Dhana hiyo haikuzaliwa mwambaoni. Visiwa vya Wabajuni ni vya matumbawe. Udongo wake ni haba na maji ya visima vyake vingi yana chumvi. Mtu wa Kudha au Chula aliyetaka nafaka ya kutosha alivuka bara. Huko alifyeka, akachoma, akapanda, na baada ya misimu michache akauacha udongo upumzike na kuhamia kipande kingine. Bara ndiko alikokata boriti na kupata mbao za vyombo, na boriti hizo zilipakiwa majahazini hadi Arabuni na Ghuba, ambako nyumba nyingi ziliezekwa kwa miti ya mwambao huu. Waaweer nao walileta asali, nta, ngozi na pembe za ndovu, wakachukua nguo, nafaka, chuma na tumbaku. Watu hawa wawili hawakuwa wageni wao kwa wao. Baadhi ya koo za Wabajuni, Wakatwa wakiwamo, hujinasibisha na watu wa bara, na simulizi za Shungwaya, zinazotajwa na Wabajuni, Wapokomo na Wamijikenda kama chimbuko lao, zimehusishwa mara kwa mara na bara hii hii, karibu na bandari ya Birikau.

Njia za msituni wakati huo zilikuwa vijia vya miguu, kutoka kisima hadi kisima na bwawa hadi bwawa. Msitu ni mkavu kwa miezi mingi, na asiyejua maji yalipo hafiki. Mfanyabiashara wa pembe au mkata mbao alihitaji mwenyeji wa kumtangulia, na hapo ndipo ridhaa ilipokaa, katika kukubali au kukataa kuongoza. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini ilikuwa na wenyewe wanaojulikana, na kuigusa mizinga ya mtu mwingine lilikuwa kosa. Mbung'o waliojaa kwenye vichaka vyenye kivuli waliwazuia wafugaji kuingiza ng'ombe, na kwa hivyo msitu ulibaki mikononi mwa wasiofuga.

Hata hivyo, si haki kuisimulia enzi hiyo kama ya usawa. Waaweer waliishi chini ya himaya ya majirani wenye nguvu, kwanza Waorma, kisha Wasomali waliovuka mto Juba na kuwashinda Waorma katika nusu ya pili ya karne ya 19. Ndovu aliyeuawa alikuwa na fungu la mfugaji aliyekuwa mlezi wa mwindaji, na mwindaji hakuhesabiwa sawa na mfugaji katika ndoa wala barazani. Wabajuni nao walipoteza: mashambulizi ya miaka hiyo yaliwafanya watu wa vijiji vya bara wahamie visiwani. Lakini katika mipango yote hiyo, iwe ya kirafiki au ya mabavu, aliyepita msituni alijua kwamba anapita kwa watu. Alilipa au alipigana. Hakudai kwamba hapana mtu.

Dai hilo lilikuja na karatasi. Kismayu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ikaingia mikononi mwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na tangu tarehe 1 Julai 1895 ikawa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki. Jubaland, visiwa vya Wabajuni vikiwamo, ilitawaliwa kama mkoa wa himaya hiyo kwa miaka 30. Sheria ya ardhi za Taji ya 1902, na ile ya 1915 iliyoipanua, zilimpa mtawala ardhi yote isiyokuwa na hati, na ile ya 1915 ikahesabu hata ardhi inayokaliwa na wenyeji kuwa ya Taji. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliruhusu watu wa pwani kupeleka madai yao, lakini ilikuwa na sikio kwa madai ya aina moja tu. Mtu mmoja mwenye minazi, nyumba au shamba lenye mipaka angeweza kusikilizwa. Ukoo uliolima kwa kuhamahama, au jamii iliyoishi kwa asali na nyama ya porini, haukuwa na kitu ambacho karani angeweza kukiandika. Kisichoandikwa kiliitwa kitupu.

Kisha msitu ukakatwa vipande viwili. Kwa mkataba wa tarehe 15 Julai 1924, Uingereza iliahidi kuipa Italia Jubaland, na makabidhiano yakafanyika tarehe 29 Juni 1925. Mstari mpya ulishuka hadi baharini karibu na Ras Kiamboni. Kudha ikawa ya Waitaliano, Kiunga ikabaki kwa Waingereza, na Waaweer wakajikuta katika makoloni mawili. Waitaliano walielekeza nguvu zao kwenye bonde la Juba, ambako mashamba ya ndizi ya miaka ya 1930 yaliendeshwa kwa kazi ya kulazimishwa iliyoangukia zaidi wakulima wa Gosha, wazao wa watumwa waliotoroka na kujikomboa msituni kando ya mto. Wao pia walikuwa watu wa msitu, na kwao pia ridhaa haikuulizwa. Pwani ya Kudha haikuguswa sana na kazi hiyo. Iliendelea kutegemea vyombo vya tanga, na Vinigi Grottanelli, mwanaethnolojia wa Kitaliano aliyechapisha kitabu juu ya Wabajuni mwaka 1955, aliwaeleza kama wavuvi wa Bahari ya Hindi.

Tukio lililoamua zaidi uhusiano wa watu wa msitu na barabara lilitokea upande wa Kenya, katika vita vya shifta. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini-mashariki, ambako wengi walitaka kujiunga na Somalia. Mapigano yaliteremka hadi Lamu. Vijiji vya Wabajuni vya bara vilishambuliwa na kuachwa. Watu walikimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Waaweer walikuwa katikati: shifta, yaani waasi hao, waliwataka wawe waongozaji na watoaji chakula, na serikali iliwashuku kwa sababu hiyo hiyo. Jibu la serikali lilikuwa kuwatoa msituni na kuwakusanya katika vijiji vya kudumu kando ya njia inayotoka mji wa Hindi, Lamu, kwenda Kiunga. Bargoni, Milimani, Basuba, Mangai na Mararani ni miongoni mwa vijiji vya Waaweer vinavyojulikana leo. Vita vilimalizika kwa maelewano ya Arusha ya Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Watu walibaki kando ya njia.

Jambo hili lastahili kukaziwa, kwa kuwa ndilo linalopotea kwanza katika mazungumzo ya leo. Mtu anayetazama ramani ya Lamu huona vijiji vimejipanga kando ya barabara, na huamua haraka kwamba ni vijiji vilivyoifuata barabara kwa hiari, vyenye haja nayo na vya kunufaika nayo. Haja ni ya kweli. Mgonjwa wa Basuba au mjamzito wa Mangai wakati wa masika, udongo mweusi ukigeuka utelezi usiopitika, ana haki kamili ya kutaka barabara nzuri. Lakini mpangilio wenyewe ulitokana na amri ya vita. Ardhi waliyoacha nyuma, yenye visima, makaburi, mashamba na mizinga, haikuwa tupu walipoiacha, wala hawakuitoa kwa mtu.

Serikali iliijaza kwa matumizi mengine. Mwaka 1976 Hifadhi ya Taifa ya Boni, yenye kilomita za mraba 1,339, na ile ya Dodori, yenye 877, zilitangazwa katika gazeti rasmi. Mwaka uliofuata Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote. Katika muda wa miaka kama 15, basi, Mwaaweer alihamishwa kwa sababu ya usalama, ardhi yake ikawa hifadhi, na kazi ya baba yake ikawa jinai. Mwindaji akaitwa jangili. Na kwa vile sehemu kubwa ya ardhi ya Lamu ilirithiwa kutoka utawala wa kikoloni kama ardhi ya serikali, hapakuwa na baraza la wilaya la kuitetea kama ardhi ya amana, kama ilivyokuwa, walau kwenye karatasi, katika sehemu nyingine za Kenya.

Upande wa Kudha mambo yalifika pale pale kwa njia nyingine. Sheria ya ardhi ya Somalia ya Oktoba 1975, chini ya Rais Mohamed Siad Barre, ilifanya ardhi yote kuwa mali ya dola na kutoa hati za kupangisha kwa miaka 50. Aliyejua ofisi za Mogadishu aliandikisha. Aliyelima kwa kuhamahama hakuandikisha. Bonde la Juba liliumia zaidi, kwa miradi ya sukari na umwagiliaji iliyochukua mashamba ya vijiji. Wabajuni waliingizwa katika vyama vya ushirika vya uvuvi. Katika bara ya Birikau ilipendekezwa hifadhi ya taifa ya Lag Badana, ambayo ingeuweka msitu chini ya ulinzi wa dola, lakini dola yenyewe ilianguka Januari 1991.

Kilichofuata ni mfano wa wazi wa njia zinazofunguliwa bila ruhusa ya mtu yeyote. Wabajuni wa visiwani, wasiokuwa na wanamgambo, walinyang'anywa vyombo na nyumba. Maelfu walivuka kwenda Mombasa, wakakaa kambini Jomvu hadi kambi ilipofungwa katika miaka ya 1990. Wakati wenyeji wako ukimbizini, biashara ya mkaa ilipanuka. Migunga ya Juba ya Chini ilikatwa, ikachomwa, na malori yakajitengenezea njia hadi bandari ya Kismayu na ufuo wa Birikau, mkaa ukielekea nchi za Ghuba. Azimio namba 2036 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 22 Februari 2012, lilipiga marufuku ununuzi wa mkaa wa Somalia, kwa sababu ushuru wake ulilisha wanamgambo wa al-Shabaab. Lilishughulikia fedha za vita. Waliopoteza msitu hawakuwa sehemu ya hoja.

Mwezi uliofuata, tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua huko Lamu mradi wa LAPSSET: bandari, reli, bomba la mafuta na barabara. Mpango wake unataja ukanda wa miundombinu wenye upana wa mita 500, na ukanda wa kiuchumi wa kilomita 50 kila upande. Barabara zilizounganishwa nao ni ile ya Lamu, Ijara na Garissa, na ile ya Hindi, Bodhai, Basuba na Kiunga. Hii ya pili ndiyo njia ya vijiji vya Waaweer.

Safari hii sheria ilikuwa imebadilika. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 63, inataja miongoni mwa ardhi za jamii zile za jadi na zilizokaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Ni mara ya kwanza maisha ya Waaweer kuwa msingi wa haki katika sheria kuu ya nchi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilieleza utaratibu: jamii hujiandikisha, huwa na mkutano mkuu, na ardhi yake haiwezi kutolewa bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wanachama. Lakini ardhi ambayo haijaandikishwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii, na fidia yake hukaa huko mpaka uandikishaji ufanyike. Tena ibara ya 62 inahesabu misitu ya serikali na hifadhi za wanyama kuwa ardhi ya umma. Kwa hivyo msitu ule ule ni wa jamii kwa ibara moja na wa umma kwa nyingine, na katika utata huo tingatinga hupita kwanza. Serikali pia ina uwezo wa kutwaa ardhi kwa lazima kwa manufaa ya umma, baada ya taarifa, uchunguzi na fidia. Kutwaa huko hakuhitaji ridhaa hata kidogo.

Mahakama Kuu ya Malindi ilijaribu kulijaza pengo hilo katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2012 na Mohamed Ali Baadi na wenzake. Hukumu ya tarehe 30 Aprili 2018 ilisema mradi wa bandari ulikiuka haki ya wakazi ya kupata habari na kushirikishwa, haki yao ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wengi wa wavuvi wa Lamu ni Wabajuni, ndugu wa wale wa Kudha. Ushindi huo ulikuwa mkubwa, na ulihusu bahari zaidi kuliko msitu. Mvuvi ana chombo na mtego unaohesabika. Hasara ya mrina asali ambaye nyuki wamehama kwa sababu ya vumbi na mashine, au ambaye kijia chake kimekatwa na mtaro, ni ngumu kuithibitisha, ingawa si ndogo.

Nchi nyingine zimejaribu kuandika ridhaa hadi ngazi ya kijiji. Sheria ya India ya 2006 juu ya haki za wakazi wa misitu inaruhusu ardhi ya msitu itumike kwa shughuli 13 za kijiji, barabara ikiwa mojawapo, kwa masharti kwamba kila eneo lisifikie hekta moja, miti inayokatwa isizidi 75 kwa hekta, na mkutano wa kijiji upendekeze. Sheria hiyo inalaumiwa pia kwa kurahisisha ukataji. Hata hivyo inakiri jambo ambalo Afrika Mashariki bado haijaliandika waziwazi, kwamba hata kwa barabara ndogo ya kijiji wenyewe huulizwa. Azimio la Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wa asili, la tarehe 13 Septemba 2007, linataka ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili. Kenya ilijizuia kupiga kura siku hiyo.

Msituni Boni, kila moja ya sifa hizo tatu iligongana na vita. Baada ya mashambulizi ya Juni 2014 katika mji wa Mpeketoni, Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na Septemba 2015 ilianza operesheni ya Linda Boni ya kuwaondoa al-Shabaab msituni. Mabomu yalitegwa barabarani, shule za wadi ya Basuba zikafungwa, na mtu aliyeonekana akiingia msituni kutafuta asali alihatarisha maisha yake kwa pande zote mbili. Wanajeshi walihitaji barabara, na wakazi walihitaji wanajeshi waondoke salama na magari ya chakula yafike. Mkutano unaoitishwa na chifu chini ya bunduki, ambapo majina ya waliohudhuria huandikwa na orodha hiyo kupelekwa juu, unaweza kutoa wingi wa mikono iliyoinuliwa. Hauwezi kuwa ridhaa huru, hata kama kila aliyeinua mkono aliitaka barabara kwa moyo wake wote. Kuulizwa kwa haki kungehusisha maswali ambayo barabara pekee haiyajibu: nani atapewa ardhi ya kando yake, wafugaji na wanunuzi wa viwanja watazuiwa vipi vichaka vya mbung'o vikishafyekwa, na je, waliohamishwa katika miaka ya 1960 wataruhusiwa kurudi mashambani kwao.

Upande wa Somalia, Katiba ya Muda ya 2012 inaitaka serikali ya shirikisho, kwa kushauriana na majimbo, itunge sera ya taifa ya ardhi. Utawala wa Jubaland uliundwa mwaka 2013, makao yake yakiwa Kismayu. Kwa Kudha na bara yake suala la kwanza litakuwa nani ahesabiwe mwenyeji: aliyepo sasa, au pia Mbajuni aliye Mombasa na familia ya Kiaweer iliyovuka kwenda Kenya. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ulioridhiwa na Somalia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1992, unasema katika ibara ya 21 kwamba watu walioporwa mali yao ya asili wana haki ya kurudishiwa na kulipwa fidia ya kutosha. Mahakama ya Afrika iliitumia ibara hiyo tarehe 26 Mei 2017 kwa Waogiek wa msitu wa Mau, ikakataa hoja ya Kenya kwamba hifadhi ya msitu inatosha kuwa sababu ya kuwatoa wakazi wake, na tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza ardhi yao itambuliwe kwa kuwekewa mipaka na kupewa hati ya pamoja.